Rupia ya 1907 ya Senje: imebonyea, imekwaruzwa, imesuguliwa na jivu, sasa ni ya pesa ngapi?

Mwezi uliopita Senje, yaani shangazi yangu, alinipigia simu kutoka Luanda, hii ya Vihiga, akaniambia, "Mwanangu, nimepata pesa ya mzungu kwa kibati cha kukhu, nyanya yako, kuna kijana hapa stendi ameniambia ni ya laki mbili, na sonara mmoja mjini ameniambia atanipa mia sita, sasa mimi nishike gani?" Nikamwambia Senje usishike yoyote kwanza, na tafadhali usiioshe. Akanyamaza kidogo. Alafu akasema, "Niliisugua tu upande mmoja na jivu, ilikuwa nyeusi sana."

Nilipanda matatu Jumamosi hiyo hiyo nikaenda kuiona. Ni rupia ya India ya 1907, ile ya mfalme Edward VII akiwa na ndevu na kichwa wazi bila taji, upande wa pili kuna taji juu, maua pande zote mbili, na mwaka chini. Imebonyea kidogo ukingoni karibu na saa nane ukiifikiria kama uso wa saa, kuna mkwaruzo mmoja kwa shavu la mfalme, na upande huo wa uso unang'aa ile kung'aa ya sufuria imetoka kusuguliwa, huku upande wa mwaka ukiwa bado na weusi wake wa zamani. Kasoro tatu, zote ndogo ukiziangalia kwa haraka. Lakini hazina uzito sawa hata kidogo, na hapo ndipo watu wengi hupotea.

Nataka nieleze hii kitu taratibu kwa sababu huku kwetu, kuanzia Kisumu, Kakamega mpaka Bungoma, nimeona watu wengi wako na sarafu kama hizi kwa vibati na kwa mikufu ya nyanya zao, na wengi huziuza bei ya kutupa ama wanazishikilia miaka na miaka wakingoja milioni ambayo haiko njiani. Si ujinga. Ni kwamba maswali matatu tofauti yanachanganywa yanakuwa swali moja. Swali la kwanza ni hii sarafu ina fedha kiasi gani ndani yake, la pili ni imelika kiasi gani, la tatu ni imefanyiwa nini na nani. Ukiyatenganisha hayo matatu bei inajitokeza yenyewe, ukiyachanganya unabaki kati ya laki mbili na mia sita.

Kwanza wacha niseme imefikaje Luanda, maana Senje pia aliuliza. Reli kutoka Mombasa ilifika ziwani Desemba 1901, hapo Kisumu ilipokuwa ikiitwa Port Florence, na pesa iliyokuwa ikitumika nchi hii wakati huo ilikuwa rupia ya India, waliojenga reli walilipwa rupia, wenye maduka walihesabu kwa rupia. Ilikaa hivyo mpaka 1920 ilipoletwa florini, na florini yenyewe haikukaa, ikaja shilingi. Ndio maana ukiongea na wazee sana bado neno rupia liko kwa midomo yao. Kwa hivyo kupata rupia ya 1907 kwa kibati cha mtu wa Luanda si ajabu kabisa, na hiyo "si ajabu" kumbuka, tutairudia kwa bei.

Haya, fedha. Kiswahili chetu kinaita pesa fedha na madini yenyewe fedha, na kwa sarafu hizi neno lilikuwa kweli tupu, pesa ilikuwa ni madini yake. Rupia ya Edward ikitoka kiwandani ilikuwa na uzito wa gramu 11.66, na kati ya kila sehemu 1,000 sehemu 917 ni fedha, zinazobaki ni shaba ya kuifanya iwe ngumu. Ya Senje nimeiweka kwa mizani yangu ndogo ikasoma 11.58. Hizo gramu 0.08 zilizopotea ni mikono ya watu, imepita kwa mifuko na kwa meza za maduka ikalika kidogo kidogo, na kwa umri wake huo uzito ni mzuri. Chukua 11.58 uzidishe na 0.917 unapata gramu 10.62 za fedha safi. Fedha duniani huuzwa kwa aunsi ya sonara ambayo ni gramu 31.1, si ile aunsi ya jikoni ya gramu 28, hapo watu hukosea sana, kwa hivyo gawanya 10.62 kwa 31.1 unapata aunsi 0.341. Bei ya aunsi hubadilika kila siku na unaicheki kwa simu, lakini tuseme kwa mfano tu wa kupigia hesabu kwamba leo ni shilingi 5,000. Basi ndani ya rupia ya Senje kuna fedha ya kama shilingi 1,700.

Hiyo ndiyo sakafu. Sarafu ikiwa imebonyea, imetobolewa, imekwaruzwa na msumari, haishuki chini ya sakafu kwa sababu hata ikiyeyushwa fedha iko pale pale. Sonara ana haki ya kukulipa chini kidogo ya sakafu kwa sababu yeye ana gharama ya kuyeyusha na kusafisha na lazima naye apate kitu, hilo silipingi. Lakini mia sita kwa 1,700 hata nusu haifiki, na Senje angeichukua ile asubuhi kama simu yangu ingekuwa imezima. Inaniuma nikifikiria ni wangapi walichukua.

Kabla ya kuamini hiyo sakafu lazima ujue ni fedha kweli, na hapa hauhitaji mashine ya bei ghali. Sumaku kwanza, ikishika hiyo si fedha, lakini isiposhika bado haujamaliza kwa sababu hata shaba na risasi hazishikwi na sumaku. Kipimo ninachokiamini ni cha maji. Weka kikombe cha maji kwa mizani inayosoma mpaka gramu 0.01, irudishe kwa sifuri, alafu funga sarafu kwa uzi mwembamba uiteremshe ndani ya maji ikiwa inaning'inia, isiguse chini wala pembeni ya kikombe. Mizani itaonyesha nambari ndogo. Gawanya uzito wa sarafu kwa hiyo nambari. Rupia halali inakuja karibu 10.3, na ya Senje ilisoma 1.12 ndani ya maji, 11.58 kwa 1.12 ni 10.34, nikapumua. Ile ya bandia ya shaba na zinki huja kama nane na kitu, ya risasi inapita kumi na moja. Dakika tano na kikombe cha chai, na sarafu haijakwaruzwa wala kumwagiwa asidi, kwa sababu wengine huchanja pembeni wakaweka tone la asidi, na hapo tayari wameshaiongezea kasoro ya nne.

Na tukiwa bado kwa fedha, si kila sarafu nyeupe ya zamani ina fedha ya kutosha. Shilingi ya Afrika Mashariki, ile ya simba na milima nyuma yake ambayo iko kwa vibati vingi sana huku, kuanzia zile za 1921 mpaka 1946 ina fedha robo tu, 250 kwa 1,000, kwa uzito wa gramu 7.78 hiyo ni karibu gramu 1.94 za fedha, kwa mfano wetu wa aunsi 5,000 ni kama shilingi 310. Ndio maana zikilika sana zinaonekana na rangi ya udongo wa njano sehemu zilizoinuka, ni shaba inajitokeza. Kuanzia 1948 shilingi hizo hazina fedha kabisa, ni shaba na nikeli, simba ni yule yule na macho hayatofautishi upesi, kwa hivyo soma mwaka. Florini ya 1920 ni nusu fedha. Shilingi ya Kenya ya 1966 yenye picha ya Mzee Jomo haina hata chembe, na nasema hivi kwa sababu hizo ndizo watu hupigiana simu wakisema zinatafutwa kwa mamilioni. Alafu kuna ile dola kubwa ya Maria Theresa yenye mwaka 1780, gramu 28 na kitu, hiyo ni fedha nzuri ya 833, lakini mwaka wake haukuambii umri kwa sababu imeendelea kupigwa na mwaka ule ule 1780 kwa zaidi ya miaka mia mbili, kwa hivyo mtu akikuambia yake ni ya karne ya kumi na nane mwangalie tu kwa upole.

Sasa kulika. Kulika si kasoro, hii ndio sentensi ningependa kila mwenye kibati aishike. Sarafu ilitengenezwa ipite mikononi na ikipita inalika, sehemu zilizoinuka zinatangulia, zilizo chini zinafuata. Gredi ni namna tu ya kusema imelika kiasi gani. Waingereza walikuwa wakitumia maneno, Wamarekani wakachukua nambari kutoka 1 mpaka 70 ambazo William Sheldon alizianzisha 1949 kwa ajili ya senti kubwa za shaba za kwao, na sasa zinatumika kwa karibu kila sarafu. 70 haina alama hata ukiiangalia kwa lenzi, kuanzia 60 kwenda juu haijawahi kutumika sokoni, 40 mpaka 50 hivi imetumika kidogo tu, 20 mpaka 30 imetumika vizuri lakini michoro mikubwa yote iko, ukishuka chini ya 10 unaanza kuona kivuli cha mtu badala ya mtu.

Kwa huyu Edward mimi naangalia sikio, nywele juu ya sikio, na ndevu. Kama nywele bado zina mistari inayotenganika na ndevu zina mawimbi basi uko juu, kama nywele juu ya sikio zimekuwa kipande kimoja laini lakini sikio lina umbo lake na ndevu zinasomeka, uko katikati, na kama sikio lenyewe limeingia kwa kichwa basi umeshuka sana. Ya Senje sikio liko, ndevu ziko, nywele za juu zimeshikana. Mimi naipa 20, kwa herufi wanazotumia wauzaji ni VF ya chini, yaani Very Fine. Mtu mwingine angeipa 25 na tusingegombana. Geuza upande wa pili pia, angalia maua na msalaba mdogo juu ya taji, na usimpe sarafu gredi ya upande mzuri tu, wanunuzi wanaangalia pande zote na ule mbaya ndio wanaanza nao.

Fanya hii kazi ukiwa karibu na dirisha asubuhi ama chini ya balbu moja, si chini ya tyubu nyeupe zinazotoa mwanga kila upande, shika sarafu kwa ukingo na uiinamishe polepole uone mwanga ukitembea juu yake. Picha ya simu ya moja kwa moja na flashi inaficha karibu kila kitu ninachoenda kukuambia sasa.

Kasoro. Hapa mimi huanza na swali moja, hii alama iliwekwa kiwandani ama baadaye? Sarafu ikipigwa, kidonge cha fedha kinawekwa kati ya vyuma viwili vyenye michoro na kugongwa kwa nguvu kubwa. Chuma kikiwa na ufa, sarafu inatoka na mstari mwembamba ulioinuka. Kidonge kikiwa na tundu ama ganda, sarafu inatoka nalo. Kikigongwa bila nguvu ya kutosha, katikati panakuwa pafifu, na mtu asiyejua atadhani imelika wakati imezaliwa hivyo. Kasoro za kuzaliwa nazo hupunguza bei kidogo tu, wakati mwingine hazipunguzi, wakati mwingine kuna mtu anazitafuta hasa. Njia rahisi ya kutofautisha: mstari ulioinuka juu ya uso umetoka kwa chuma, mstari uliochimbwa ndani mara nyingi umetoka kwa binadamu.

Kasoro za baadaye ndizo zinakula pesa, na hapo mahali ni muhimu kuliko ukubwa. Ule mbonyeo wa ukingoni kwa rupia ya Senje una upana wa kama punje ya mtama, umevunja meno matatu manne ya pembeni na haujaingia kwa maandishi. Sarafu nzito ikianguka sakafuni huangukia ukingo, wanunuzi wameziona nyingi na wanasamehe. Ule mkwaruzo wa shavu ni mdogo kuliko mbonyeo ukiupima na rula, lakini uko kwa shavu la mfalme mahali peupe ambapo jicho linafika kwanza, na kila ukiiangalia unauona. Ungekuwa ndani ya nywele ama kati ya maua usingehesabika. Wenye hizi sarafu huniambia "lakini ni kadogo tu," na ni kweli ni kadogo, ila kamekaa pabaya.

Tundu na alama ya kulehemu ni mambo mengine kabisa. Huku kwetu nyingi zilivaliwa, zikatobolewa ama zikashikishwa kikuku kwa fedha ya kuyeyuka, ikiwa hivyo bei ya mkusanyaji kwa sarafu ya kawaida inaisha karibu yote na unabaki na sakafu, labda pamoja na thamani ya mkufu wenyewe kama ni mkufu mzima wenye historia yake, na huo usiuvunje ili uuze sarafu mojamoja, nimeona ikifanywa na ni hasara mara mbili.

Alafu jivu. Hapa nitakaa kidogo kwa sababu hii ndiyo kasoro pekee kati ya zote ambayo ingeweza kuzuiwa na simu moja. Ule weusi si uchafu. Fedha ikikaa na hewa yenye salfa, kutoka kwa moshi, kwa mpira, kwa gazeti la zamani, kwa chakula, uso wake wa juu unabadilika na kuwa salfaidi ya fedha, ganda jembamba sana ambalo linaanza na rangi ya dhahabu hafifu, linakuwa kahawia, wakati mwingine linapita kwa zambarau na buluu, mwisho linakuwa jeusi. Fedha ya chini imelala salama. Mnunuzi anayejua akiona weusi uliotulia, sawa pande zote, anafurahi kwa sababu ni kama cheti kwamba hakuna mtu ameigusa kwa miaka mingi, na wako wanaolipa zaidi kwa rangi nzuri.

Ukiusugua na jivu, ama dawa ya meno, ama unga wa kusugulia sufuria, hautoi ganda tu, unachimba fedha yenyewe kwa maelfu ya mistari midogo kama nywele. Inamisha sarafu chini ya balbu utaiona, mistari yote inaelekea njia moja ama inazunguka kama kidole kilivyozunguka. Na kuna kitu kingine kinachopotea. Wakati wa kugongwa fedha hutiririka kutoka katikati kwenda nje na kuacha mistari midogo sana isiyoonekana kwa macho, hiyo ndiyo inatengeneza ule mng'ao unaozunguka kama tairi la baiskeli ukiigeuza sarafu. Kwa sarafu iliyolika kama ya Senje mng'ao huo unabaki tu pembeni ya herufi mahali vidole havikufika, na ndio unaambia mtu kwamba uso ni wa asili. Upande wa mwaka bado uko, nimeuona kati ya petali za maua. Upande wa uso umeenda, na hakuna dawa ya kuurudisha. Senje aliniangalia nikizigeuza akasema, "Kwa hivyo upande mchafu ndio mzuri?" Nikamwambia ndio Senje, upande mweusi ndio mzuri. Alisikitika, na mimi nilisikitika naye, kwa sababu alikuwa anaiheshimu, alitaka iende kwa mtu ikiwa safi, ndivyo tulivyofunzwa kufanya na kila kitu tunachotoa nyumbani.

Kama lazima utoe matope ama mafuta, asetoni safi haigusi fedha, unailoweka kwenye glasi na si plastiki, dirisha likiwa wazi na moto ukiwa mbali, alafu unasuuza na maji yaliyotoneshwa, yale ya kuongeza kwa betri ya gari, na hakikisha kibandiko kinasema maji na si asidi. Kausha kwa kuiweka juu ya kitambaa laini, usipanguse.

Sasa hesabu, na hii ndiyo sehemu iliyonichukua miaka kuielewa. Kasoro hazikati bei yote, zinakata kile kilicho juu ya sakafu. Tafuta rupia kama hiyo, mwaka huo huo, kiwanda hicho hicho, gredi hiyo hiyo, ambayo haina kasoro, uone imeuzwa ngapi. Kiwanda kinajulikana, ya Bombay ina herufi ndogo B upande wa mwaka, ya Calcutta haina herufi. Tuseme kwa mfano wetu inauzwa 2,600. Sakafu ni 1,700, kwa hivyo kuna 900 ya mkusanyaji juu yake. Mimi kwa mbonyeo kama ule hukata sehemu moja ya tano ya hiyo 900, yaani 180. Mkwaruzo wa shavu hukata robo, 225. Kusuguliwa upande mmoja hukata theluthi, 300, na ingekuwa pande zote mbili ningekata zaidi ya nusu. Jumla 705. Inabaki 195 juu ya 1,700, ambayo ni kama 1,900. Hizo sehemu ni zangu, ndivyo ninavyopima mimi nikinunua na nikiuza, mwingine atakata tofauti kidogo, lakini njia ni hiyo hiyo.

Ona sasa. Kasoro tatu pamoja zimemgharimu Senje kama mia saba. Si kidogo, lakini hazijaiua sarafu, kwa sababu ya ile "si ajabu" niliyosema mwanzo, rupia za 1907 zilipigwa mamilioni kwa mamilioni na sehemu kubwa ya bei yake ni fedha. Chukua sasa sarafu adimu ambayo sakafu ni ile ile 1,700 lakini mkusanyaji anaongeza 30,000 juu yake. Kasoro zile zile tatu, kwa sehemu zile zile, zinaondoa 23,500. Jivu lile lile la kijiko kimoja. Kwa hivyo mtu akiniuliza kasoro ndogo inapunguza ngapi siwezi kumjibu mpaka nijue sarafu ni ipi, na ndio maana kujua sarafu kunatangulia kuangalia mikwaruzo. Mfano mzuri ni rupia ya George V ya 1911. Tembo aliye kwenye mkufu wa nishani kifuani pa mfalme alichorwa vibaya mpaka watu wakaona nguruwe, Waislamu wa India wakalalamika, zikaondolewa, na 1912 tembo akachorwa upya. Ukiweka ya 1911 na ya 1912 mezani uzito ni mmoja, fedha ni moja, mfalme ni yule yule, bei si moja.

Kwa kutafuta bei, usiangalie bei watu wanazoomba mitandaoni, mtu anaweza kuomba laki mbili mpaka uzee. Angalia zilizouzwa tayari, kwa minada na kwa kichujio cha vitu vilivyouzwa, chukua tano sita, tupa ya juu kabisa na ya chini kabisa. Yule kijana wa stendi alikuwa ameona bei ya kuombwa, sikumlaumu. Kuipeleka sarafu ya 1,900 Marekani ifungwe kwa kisanduku cha plastiki chenye gredi na kampuni kama PCGS ama NGC haina maana, gharama ya kutuma na kupimwa inaipita sarafu yenyewe, na ikiwa imesuguliwa wataandika hivyo kwa kibandiko hata hivyo. Hizo ni za sarafu adimu.

Mtu yeyote akikuambia ana mnunuzi tayari wa mamilioni lakini kwanza tuma pesa ya usajili, ama ya cheti, ama ya kufungua faili, kata simu. Mnunuzi wa kweli ndiye anatoa pesa. Na kama sarafu yako ni ya zamani zaidi, zile za Victoria zilizoingia na misafara iliyokuwa ikipita kwa Nabongo Mumia, mfalme wa Wawanga, kabla reli haijafika, jua kwamba sheria ya makumbusho na urithi ya 2006 inahesabu kitu kilichotengenezwa Kenya ama kuletwa Kenya kabla ya 1895 kuwa cha kale, na kukitoa nje ya nchi kunataka kibali. Uliza makumbusho kabla hujatuma bahasha.

Tuliiweka ya Senje kwa kijibahasha cha karatasi, si kile kiplastiki laini kinachonata ambacho baada ya muda huacha ute wa kijani, wala haijafungwa na raba bendi kwa sababu raba ina salfa. Nyuma ya bahasha nikaandika mwaka, uzito, nambari ya maji, na kasoro zote tatu, jivu likiwemo. Wiki mbili baadaye mkusanyaji mmoja kutoka Nakuru alikuja, akasoma bahasha, akaipima mwenyewe, akaiinamisha dirishani kwa muda mrefu, akasema 1,800. Senje akasema 1,950. Wakakutana 1,900 na chai ikaletwa.

Juzi amenipigia tena, kibati kilikuwa na kitambaa chini na ndani ya kitambaa kuna nyingine tatu, moja ina tundu, moja ni ya simba, moja ni rupia yenye mwaka 1944. Nimemwambia hiyo ya 1944 aitegemee kidogo, kuanzia 1940 walishusha fedha ya rupia mpaka nusu kwa sababu ya vita, uzito ni ule ule gramu 11.66 lakini fedha ni 5.83 tu, kwa hivyo sakafu yake ni kama nusu ya ile aliyouza. Akauliza kama ni nyeusi afanyeje. Kabla sijajibu akasema mwenyewe, "Najua, naiacha." Nimeweka betri mpya kwa mizani, Jumamosi narudi Luanda.